Propela Iliyopitia Segese

Mwenye kuwajibika ni mwenye gereji. Nalisema hili mwanzoni ili msomaji asihangaike kumtafuta mkosaji katika aya zinazofuata, na ili wale wapendao kugawa lawama kwa barabara, kwa umri wa gari au kwa mapenzi ya Mungu wajue kwamba nafasi hiyo imekwisha kujazwa. Si fundi wa kuchomelea, wala si matairi. Mimi nina sehemu yangu, nayo nitaieleza mahali pake. Lakini mwenye kuwajibika ni yeye: mtu wa makamo, mnene wa shingo, mwenye gereji karibu na soko hapa Nyasubi, mjini Kahama, aliyetundika juu ya lango lake kibao kinachotangaza huduma za kisasa kwa magari ya aina zote. Jina lake ninalo. Silitaji, kwa kuwa sitaki limfaidie lolote, hata umaarufu.

Nimefanya kazi ya masijala katika ofisi za serikali tangu ujana wangu hadi nilipostaafu. Watu hudhani masijala ni vumbi na kamba za kufungia majalada. Masijala ni jambo moja tu: kujua kila jalada liko mkononi mwa nani. Likitoka linaandikwa limekwenda kwa nani; likirudi linakaguliwa limerudi na kurasa zake zote. Asiyejua kitu alichokabidhiwa kimepitia mikono ya nani hafai kukaa nyuma ya meza, na sioni kwa nini afae kushika spana.

Gari ni steshenwagoni ya Kiingereza, rangi ya majivu, niliyoinunua katika mnada wa magari ya serikali nikiwa bado kazini. Huku kwetu gari la umri ule haliachwi lizeeke kwa amani. Injini yake huenda kuvuta maji mashimoni, difu yake, ile inayozungusha magurudumu ya nyuma, huenda kuzungusha karasha, yaani yale mapipa ya chuma yanayosaga mawe ya dhahabu, na bodi hubaki kuwa banda la kuku. Wachimbaji wamenijia zaidi ya mara moja, wamevaa ndala na saa za kung'aa, wakiniambia, "Mzee, tuachie difu tu, gari ubaki nalo." Mtu anayedhani gari bila difu bado ni gari sina haja ya kumjibu, na sikumjibu.

Nililitunza gari hilo kwa sababu moja, nayo ndiyo iliyoifanya habari hii isiwe habari ya vyuma tu. Mke wangu alivunjika nyonga, ikafungwa vyuma. Anatembea kwa fimbo, anapika, anaimba kanisani. Asichoweza ni kutikiswa. Mama yake mzazi anaishi nje kidogo ya Ushirombo, kwa mwanawe wa kiume, na ni mama mzee sana. Macho yake bado yanaona, lakini kumbukumbu ilikuwa imeanza kulegea kama fundo la kamba ya katani. Wajukuu aliwachanganya, majirani aliwasahau. Binti yake alimtambua, kwa sharti moja ambalo wifi ya mke wangu, anayemtunza bibi, ndiye aliyeligundua: amwone kila baada ya wiki mbili. Ikipita Jumamosi moja ya zamu, bibi huuliza mara mbili, "Huyu ni nani?" kabla ya kucheka na kumkumbatia. Kwa hiyo hatukuikosa. Kila Jumamosi ya pili tuliondoka Kahama asubuhi, gari likaenda taratibu kwenye lami, mke wangu amekalia mto wake, tukafika Ushirombo kabla ya jua kuwa kali.

Mwaka jana, baada ya mavuno ya mpunga, gari lilianza kugonga kila nilipoingiza gia. Chini ya steshenwagoni ile kuna bomba refu la chuma linalopeleka nguvu kutoka giaboksi hadi difu ya nyuma. Mafundi huliita propela. Kila mwisho wake una kiungo chenye umbo la msalaba, nacho huitwa krosi, kinachoshikwa katikati ya uma mbili. Krosi ya nyuma ilikuwa imekwisha. Ni kazi ya asubuhi moja. Nililipeleka gari kwenye ile gereji ya kisasa kwa kuwa ilikuwa karibu na kwa kuwa fundi wangu wa siku zote alikuwa amehamia Geita. Mwenye gereji alitazama, akasema uma ya nyuma nayo imelika matundu, itabidi ibadilishwe, tumwachie siku tatu.

Zilikuwa siku nane. Siku ya tisa niliendesha kutoka Nyasubi nikiwa nimeridhika, maana kugonga kulikuwa kumekwisha na mjini hakuna mtu anayepita mwendo wa hamsini. Jumamosi tukaondoka. Tulipoiacha Kahama nyuma na mshale kufika sabini, gari likaanza kutetemeka. Halikuwa tetemeko la usukani, ambao ulitulia mikononi mwangu kama sinia mezani. Lilitoka chini ya viti, likapanda mgongoni, vioo vikalia, na kisanduku cha mbele kikafunguka chenyewe. Nilipunguza hadi hamsini, likatulia. Nikapandisha, likarudi. Mke wangu alishika mlango kwa mikono miwili.

"Baba watoto, simamisha," alisema.

Nilisimamisha. Alikaa amefumba macho, kisha akasema maneno ambayo sikutegemea kuyasikia kwa sauti ndogo kiasi kile: "Turudi."

Tulirudi kwa mwendo wa baiskeli, malori ya Isaka yakitupigia honi.

Jumatatu nilikuwa gereji kabla hawajafungua. Mwenye gereji alikuja na chapati mkononi. Nilimweleza kwa utaratibu: mwendo unaoanzia, mwendo unaoishia, mahali tetemeko linaposikika, na kwamba mke wangu ana vyuma nyongani na mama yake anamsubiri Ushirombo. Hakuandika chochote. Alitafuna.

"Shikamoo mzee. Hayo ni matairi."

"Matairi yalikuwepo kabla sijakuletea gari, na halikuwa likitetemeka."

"Sasa yamechoka. Si hata wewe mzee kuna siku ulikuwa hujachoka?"

Walikuwepo watu watatu wamekaa kwenye benchi la kiti cha basi kilichong'olewa, wale watu ambao kila gereji inao na ambao hakuna ajuaye wanafanya kazi gani. Walicheka. Mmoja akasema, "Mpeleke kwa paroko likaombewe." Mwingine akamjibu, "Paroko mwenyewe atatetemeka."

Nilibadili matairi. Tetemeko lilibaki pale pale, sabini hadi themanini na tano, kama mtumishi mwaminifu kwenye kituo chake. Nikarudi. Safari hii zilikuwa ni mauntingi za injini, zile raba zinazoishikilia injini isicheze. Zikabadilishwa. Tetemeko likabaki. Kisha ikawa klachi. Nikauliza klachi inahusianaje na mwendo wa gari wakati tetemeko haliji gari likisimama na injini ikiunguruma kwa nguvu zote. Alinitazama kwa huruma, ile huruma ambayo mjinga huwa nayo kwa mtu aliyemuuliza swali lenye maana.

"Mzee, haya magari ya kikoloni yana mambo yake. Wewe ulikuwa mtu wa karatasi. Tuachie sisi wa vyuma."

Wakati huo Jumamosi zilikuwa zinapita. Mke wangu alijaribu basi. Alipanda ngazi zake kwa msaada wa kondakta, basi likafukuzana na jingine, na tuta la kwanza lilipomrusha kutoka kitini alishuka Kagongwa na kurudi, akakaa amekunja uso kwa siku mbili. Na Kagongwa, kwa asiyejua, si hata njia ya Ushirombo. Kondakta alimpandisha basi lisilo lake kwa kuwa lilikuwa na nafasi. Hivyo ndivyo watu wanavyofanya kazi siku hizi.

Sasa naja kwenye sehemu yangu. Mwenyekiti wa jumuiya yetu, mtu muungwana, alijitolea kutuazima gari lake dogo. Alisema tulitumie Jumamosi yoyote. Nilimshukuru na kukataa. Nilimwambia mke wangu, "Subiri wiki moja, letu litakuwa limetengenezwa." Nilimwambia hivyo mara nne. Nilitaka tufike Ushirombo kwa gari letu kama tulivyokuwa tukifika. Hilo ni kosa langu, nimeliandika kwa mkono wangu, na sitaki mtu mwingine alibebe.

Jioni moja wifi alipiga simu, akamwekea bibi simu sikioni. Mke wangu alizungumza naye Kisukuma kwa muda mrefu, kisha akaishusha simu na kuiangalia.

"Amesemaje?" niliuliza.

"Ameniuliza mimi ni mtoto wa nani."

Siku iliyofuata niliacha kuwa mteja wa gereji. Nilifanya nilichopaswa kufanya wiki ya kwanza: nilifungua daftari na kulitafuta tetemeko kama nilivyokuwa nikilitafuta jalada lililopotea, kwa kuondoa moja moja kila mahali lisipokuwa.

Nilienda kwenye lami iliyonyooka baada ya Kagongwa, asubuhi, barabara ikiwa tupu. Nikapandisha hadi themanini, tetemeko likaja. Nikatoa gia, injini ikashuka na kunong'ona, gari likateleza kwa uzito wake. Tetemeko halikutoka. Kwa hiyo haikuwa injini, wala klachi, wala mauntingi. Na mtu aliyeniuzia vitu hivyo alikuwa ameuza upuuzi. Nikahamisha magurudumu ya mbele nyuma na ya nyuma mbele. Tetemeko halikuhama nayo. Kwa hiyo halikuwa gurudumu. Kilichobaki ni kile kinachozunguka gari linapokwenda na ambacho si gurudumu. Kilikuwa kitu kimoja, na ndicho kitu kimoja ambacho mwenye gereji alikigusa.

Nyuma ya kinu kimoja cha mpunga pale Kagongwa kuna mzoga wa steshenwagoni ya aina moja na yangu, imekaa juu ya matofali, majani yamepita sakafuni. Mwenye kinu aliniruhusu. Nilitandika gunia, nikalala chini katika umri wangu, nikatazama propela yake. Uma ya mbele na uma ya nyuma zilikuwa zimekaa sawa: ya mbele ikiwa imesimama, na ya nyuma imesimama. Nikarudi kwenye gari langu, nikalala tena. Uma ya mbele imesimama. Ya nyuma imelala ubavu.

Sikuhitaji kuwa mtu wa vyuma. Mtoto wa darasa la pili akionyeshwa vikombe viwili, kimoja kimesimama na kingine kimelazwa, atasema havifanani. Krosi iliyopindishwa huenda kwa kusita na kuharakisha katika kila mzunguko. Uma zikielekea upande mmoja, krosi ya pili hufuta kosa la ya kwanza. Zikipishana, ya pili huliongeza. Haya nilielezwa baadaye. Siku ile niliona tu kwamba mtu alikuwa amechomelea uma bila kutazama nyingine iko vipi, na pembeni mwa mshono wake kulikuwa na nukta tatu zilizogongwa kwa patasi.

Nilimwendea mwenye gereji.

"Uma hii nani aliichomelea?"

"Sisi wenyewe, mzee. Hapa hapa."

"Na hizi nukta tatu?"

"Nukta gani? Hiyo ni kutu."

Kutu haihesabu hadi tatu. Nilimtakia kazi njema nikaondoka, kwa kuwa katika kazi yangu nilijifunza kwamba anayedanganya kuhusu saini haulizwi mara ya pili. Anatafutwa mwenye saini.

Nilimpata Segese, kwenye machimbo ya dhahabu. Haikuwa vigumu. Wachomeleaji wanaohudumia karasha huweka alama kwenye kazi zao ili mhimili ukivunjika ijulikane wa nani, jambo ambalo peke yake linawaweka juu ya nusu ya maofisa niliowahi kufanya nao kazi. Niliuliza mwaloni, pale wanapooshea mawe yaliyosagwa, na mwanamke mwenye kibanda cha chai akanielekeza moja kwa moja: "Nukta tatu? Yule mrefu, mwenye miwani ya kamba."

Alikuwa mtu wa miaka arobaini hivi, mkimya, mikono imejaa makovu ya cheche. Aliniamkia, akainama, akatazama chini ya gari langu, akainuka taratibu.

"Kazi yangu hii, baba. Lakini imefika vipi kwenye gari?"

"Hukujua ni ya gari?"

"Ililetwa kwenye pikapu pamoja na mihimili mingine miwili. Niliambiwa ni ya karasha. Kwenye karasha tunazipishanisha makusudi, moja hivi, moja hivi." Alionyesha kwa viganja vyake. "Tunaona nguvu inagawanyika. Karasha linazunguka polepole, halijui tofauti. Angeniambia ni ya gari ningezilinganisha."

"Aliyeileta ni mwenye gereji ya Nyasubi?"

"Ndiye. Kazi za kuchomelea zote huleta huku." Alisita, akafuta miwani. "Na alinipigia simu, baba. Kama wiki moja baadaye. Akaniuliza, ile propela ikifungwa kwenye gari itatetemeka? Nikamwambia itatetemeka sana, ilete niikate upya, haitachukua hata saa mbili. Akasema sawa. Hakuileta."

Nilimwomba arudie. Alirudia, neno kwa neno, nami nikaandika, nikamsomea, akasema ndivyo.

Wiki moja. Gari lilikaa kwake siku nane; kwa hiyo siku ile aliponiambia habari za matairi, alikuwa anajua. Mauntingi alizibadili akijua. Aliposema magari ya kikoloni yana mambo yake, huku wale wa kwenye benchi wakicheka, alikuwa ameshaambiwa kwa simu kosa ni lipi, liko wapi na litachukua muda gani kulirekebisha. Alinyamaza ili nisijue kwamba gereji yake ya kisasa haina mtu wa kuchomelea na kwamba kazi aliyoiita yake inafanywa Segese, na mtu anayetengeneza mashine za kusagia mawe. Nimewaona wezi wa karatasi, nimewaona wavivu, nimewaona waliolala juu ya majalada ya mirathi ya yatima. Sijawahi kumwona mtu aliyemwacha mwanamke mgonjwa wa nyonga akae nyumbani kwa ajili ya heshima ya kibao.

Yule wa Segese aliitoa propela, akaikata kwenye mshono wake mwenyewe, akailaza juu ya meza ya chuma na kupanga uma zote mbili kwa pimamaji. Aliichomelea kidogo kidogo, akizungusha, ili joto lisilipinde bomba. Kisha akaiweka juu ya beringi mbili na kuiachia. Upande mzito ukashuka chini. Akaongeza kibamba kidogo cha bati upande mwepesi, akaiachia tena, na tena, hadi ilipokaa popote ilipoachwa. Aligonga nukta zake tatu, kisha akaongeza ya nne pembeni.

"Hii ya nne ni ya gari," alisema, "ili mwingine akiikuta asijichanganye."

Niliendesha kurudi Kahama. Sabini. Themanini. Tisini. Kisanduku cha mbele kilibaki kimefungwa.

Jumamosi tulikwenda Ushirombo. Mke wangu alivaa kitenge ambacho mama yake anakipenda. Njia nzima hakushika mlango. Zilikuwa zimepita wiki kumi na moja.

Bibi alikuwa amekaa kibarazani, wifi amemfunika mtandio mabegani. Alimtazama mke wangu akipanda ngazi moja moja kwa fimbo. Alinyoosha mkono kwa adabu kama anavyomnyooshea kila mgeni.

"Mwangaluka, mayu," alimwambia. Ndivyo anavyosalimiwa mwanamke yeyote apitaye njiani. "Mmetoka mbali?"

Mke wangu alisema jina lake. Akalisema tena. Akasema jina la nyumbani, la utotoni, ambalo mimi nilikuwa nimelisikia mara mbili tu katika ndoa yetu. Bibi akatabasamu na kumgeukia wifi. "Mpeni maziwa," alisema. "Ana mguu mbaya, maskini, na amekuja kutusalimu."

Tumekwenda kila Jumamosi ya pili tangu siku hiyo. Anapokelewa vizuri. Anapewa maziwa.

Nilirudi kwa mwenye gereji mara moja tu, kumsomea maelezo ya mtu wa Segese. Alisikiliza hadi mwisho, akatazama lile benchi kutafuta wa kucheka naye.

"Sasa mzee, si limepona? Shida iko wapi?"

Shida iko Ushirombo, kibarazani, na hapo ndipo ninapomtaka. Kwa maandishi haya, namtaka mwenye gereji afike siku ya Jumamosi yoyote atakayoichagua mwenyewe, asimame mbele ya mke wangu na mbele ya mama yake, na atamke kwa sauti ya kusikika: kwamba propela aliipeleka Segese na kusema ni ya karasha, kwamba aliambiwa kosa lake ndani ya wiki moja, kwamba alinyamaza kwa wiki zilizobaki zote, na kwamba alijua ni nani aliyekuwa akisubiri. Nami nitasimama upande ule ule na kutamka habari ya gari nililopewa nikalikataa. Nakala moja ya maelezo haya imebandikwa kwenye lango lake, nyingine iko kwa mwenyekiti wa mtaa. Asipofika, aeleze kwa maandishi ni kwa nini hakufika, atie saini, na jibu hilo likabidhiwe mkononi mwa mke wangu na si mkononi mwa mtu mwingine yeyote.